Kutoka Visiwani hadi Kilosa na Mikumi: Swala Hupunguzwa kwa Umbali au kwa Muda?



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda Kilosa kwa harusi au msiba, kisha wakapitia jamaa wa Mikumi, huuliza: je, tuqasiri au tuswali kamili? Wengine husema safari siku hizi ni nyepesi, basi ruhusa imekwisha.

Ruhusa ya kuqasiri imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 101. Wanavyuoni wa Kishafi'i hupima safari kwa umbali, si kwa saa wala taabu. Kipimo chao ni farsakh 16, yaani maili 48 za zamani, ambazo wengi wanazikadiria kuwa kilomita 80 hadi 90. Mwenye kuzikata kwa muda mfupi bado ni msafiri.

Kwa hiyo anayepanda ndege ndogo kutoka Unguja hadi Mikumi, zaidi ya kilomita 250 angani, anaqasiri hata akifika kwa kiasi cha saa moja. Vivyo hivyo anayevuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha akapanda treni ya SGR, iliyoanza kazi mwaka 2024, mpaka Kilosa.

Ugumu uko baina ya Kilosa na Mikumi. Miji hii imo katika wilaya moja, na kwa mstari ulionyooka ni kilomita 60 na kitu. Kwa barabara ni zaidi ya 70. Kinachohesabiwa ni njia unayopita, lakini hata hiyo haifiki 80. Basi mkaazi wa Kilosa anayekwenda Mikumi na kurudi anaswali kamili, hata mvua ikamkawiza njiani kutwa nzima.

Ama mgeni kutoka visiwani, aangalie nia yake:

1. Akinuia kukaa Kilosa chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, yeye bado ni msafiri. Anaqasiri Kilosa, njiani na Mikumi, maadamu hakunuia kukaa siku nne huko pia.

2. Akinuia kukaa Kilosa siku nne kamili au zaidi, safari yake imekatika kwa kufika. Akienda Mikumi kutembea kisha akarudi Kilosa, anaswali kamili.

3. Akiaga Kilosa kurejea nyumbani kwa kupitia Mikumi, hiyo ni safari mpya ndefu. Anaqasiri akishatoka kwenye majengo ya Kilosa.

Zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha. Magharibi inabaki rakaa tatu na Alfajiri mbili. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, timiza naye.

Tuelewe kuwa ziko kauli nyingine. Ndugu zetu Ibadhi, ambao ni wachache miongoni mwetu, umbali wao ni farsakh mbili, kiasi cha kilomita 12. Wako pia wanavyuoni walioiachia desturi ya watu iamue ipi ni safari. Basi wenzako wakiswali tofauti nawe mkiwa safarini, msigombane. Kabla ya kuondoka nyumbani, kubalianeni mtakaa siku ngapi na wapi, kwani hukumu hufuata nia hiyo.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.