Katoka Chuo cha Mafunzo, Anatafuta Kazi ya Lori: Aseme au Anyamaze?



Wako wazazi hapa Unguja na Pemba ambao kijana wao amemaliza kifungo Chuo cha Mafunzo, na kazi anayoijua ni udereva: lori la mchanga, lori la saruji bandarini Malindi au Mkoani, au semi-trela za Bara zinazokwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo. Mwenye gari akimuuliza, "Miaka hii yote ulikuwa wapi?", hubabaika. Aseme kweli akose kazi, au atunge kwamba alikuwa Muscat?

Tukumbuke kisa cha Nabii Musa ('alayhis-salaam) katika Suratul-Qasas. Alimpiga mtu ngumi, yule mtu akafa. Hakukusudia kumuua. Akaomba maghfira, na Allah Akamsamehe. Akafika Madyan hana kitu. Alipoitwa na baba wa wale mabinti wawili aliowanyweshea wanyama wao, alimsimulia kisa chake (aya ya 25), na mzee akamtuliza asiogope. Ni katika aya inayofuata ndipo binti aliposhauri aajiriwe, kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kwa hiyo mwajiri alikwisha kujua yaliyopita kabla ya kumpa kazi.

Hukumu yake

1. Kosa lisilohusiana na kazi, na mtu ametubia kikweli. Halazimiki kulitangaza, kwani Uislamu umehimiza sitara. Lakini kunyamaza ni jambo moja na kusema uongo ni jingine. Akiulizwa wazi, ajibu kwa ufupi: "Nilikosa, nimetumikia adhabu, nimetubia." Hana haja ya kueleza zaidi.

2. Kosa linalogusa kazi yenyewe, kama kuiba mzigo, kuuza mafuta ya gari au kuendesha akiwa amelewa. Hapa amueleze mwenye gari hata kama hakuulizwa. Muuzaji anawajibika kubainisha kasoro ya bidhaa yake, sembuse anayekabidhiwa mali ya watu na roho za walio barabarani? Na kama aliiba, tauba haitimii mpaka arudishe haki ya mwenyewe au asamehewe.

3. Aliyefungwa kwa kusababisha kifo barabarani kwa uzembe. Kifungo cha serikali hakiondoi yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa aya ya 92: diya kwa warithi, isipokuwa wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Na diya ya kuua bila kukusudia asili yake hubebwa na jamaa wa upande wa baba, si dereva peke yake. Familia iende kwa Kadhi au shekhe ikaulize, isimwachie kijana mzigo huo.

Wajibu wa familia

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwakataza Swahaba kumtolea maneno mabaya mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwa ulevi, akawaambia wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao (Al-Bukhari). Basi jina la "mfungwa" lisitumike nyumbani wala barazani.

Ami au mjomba anayeaminika afuatane naye kwa mwenye gari, asimame kama mdhamini, na aseme anachokijua bila kupamba. Leseni ikiwa imemalizika muda, ihuishwe kwanza, na iwe ya daraja la magari makubwa. Baadhi ya makampuni hutaka hati ya tabia njema inayotolewa na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Ni bora mwajiri aisikie habari kwa kijana mwenyewe kabla ya kuisoma kwenye karatasi. Akikosa usukani, akubali utingo. Mwenye gari atamuona anavyolinda mzigo na anavyoamka Alfajiri, na uaminifu hujulikana kwa hayo.

Aangalie pia anachobeba. Katika watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe yumo anayeibeba (At-Tirmidhi, Ibn Majah). Lori la kupeleka bia mahotelini si mahali pa kuanzia maisha mapya, hata likilipa vizuri.

Nanyi wenye magari, mkishaambiwa ukweli, msimuadhibu mtu kwa kusema kweli. Mkimfukuza huyu, anayekuja baada yake atajifunza kudanganya.

Na kijana asichoke. Musa aliomba kivulini, akiwa na njaa, akakiri kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote Atakayomteremshia Mola wake (aya ya 24). Alipokwisha kuomba, binti akaja kumwita.

Wallaahu a'lam.