Maketi zilizolala ndani ya katoni: namna wapenzi wake wanavyozimaliza polepole

Uingereza, wapenzi wa maketi za plastiki wana jina la utani kwa pahali wanapoweka kazi zilizowashinda: rafu ya maangamizi. Hapo kuna ndege bila mabawa, meli bila mlingoti na vifaru vilivyopakwa rangi nusu.

Mchezo huu ulienea zamani. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ilitoa meli ndogo, Golden Hind, ikauzwa shilingi mbili katika maduka ya Woolworth. Kwa bei hiyo ilikuwa rahisi kununua nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza.

Kinachokwamisha kazi mara nyingi ni kidogo: kole imechafua kioo cha rubani, ao kipande kimepotea. Kwa kipimo cha 1/72, kosa la milimita 1 ni zaidi ya sentimita 7 kwenye ndege ya kweli.

Wanaozirudilia hawakimbii. Wanatoa katoni moja tu, na jioni moja wanatengeneza jambo moja. Antena iliyovunjika wanaitengeneza kwa mabaki ya plastiki: wanayapasha juu ya mshumaa na kuyavuta mpaka yawe uzi. Vibandiko vilivyogeuka manjano vinabandikwa dirishani siku kadhaa, jua linavirudishia weupe.

Kuchelewa kuna hasara. Vibandiko vya zamani vinapasukia ndani ya maji, rangi inakauka koponi, na mwenye katoni naye anazeeka. Nyingine zinauzwa na familia kisha yeye kufariki, kazi ikiwa nusu. Ndiyo maana wengi wanakubali ndege yenye kasoro, mradi imesimama juu ya magurudumu yake.