Fumbo Linapotoka Kitabuni na Kupanda Jukwaani

  Ninyi wa darasa la Bukene, na ninyi nyote wa Tabora na kwingineko, vuteni viti karibu na redio. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno manne: mpelelezi, dalili, shaka, jukwaa.

Tuyaeleze. Mpelelezi ni mtu anayechunguza jambo lililofichika. Dalili ni alama inayotuongoza kuifikia kweli. Shaka ni kumdhania mtu kabla ya kuwa na hakika. Jukwaa ni mahali palipoinuliwa, ambapo waigizaji husimama ili waonekane na watu wote.

Leo twataka kujua jambo moja. Hadithi ya upelelezi iliyoandikwa kitabuni, yawezaje kugeuzwa iwe mchezo wa kuigiza?

Hadithi ya namna hii ni kama kitendawili kirefu. Mwandishi hutega, msomaji hutegua. Kwanza twaonyeshwa tendo baya, wizi au mauaji. Kisha dalili huachwa njiani, moja hapa, nyingine pale. Mpelelezi huziokota, na msomaji huziokota pamoja naye. Mwishoni jibu hutolewa, na msomaji hujipiga paja akasema, "Kumbe nililiona, nikalipita!"

Katika Kiswahili, mwandishi mashuhuri wa hadithi hizi ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, na mwenzake ni Najum. Wasomaji wengi humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle wa Uingereza, akatokea kwa mara ya kwanza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1887. Katika hadithi ile mtu ameuawa mahali pa mzimu panapoogopwa. Ni rahisi kusema kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa hatosheki na jibu hilo. Yeye hutafuta mkono wa binadamu.

Sasa twende jukwaani. Mambo manne hubadilika.

La kwanza ni mahali. Kitabu chaweza kutupeleka shambani, mjini na baharini katika ukurasa mmoja. Jukwaa halisafiri. Kwa hiyo mtunzi wa mchezo hupenda kuwakusanya watu wote mahali pamoja. Bibi Agatha Christie wa Uingereza alifanya hivyo katika mchezo wake The Mousetrap, yaani mtego wa panya. Watu wamefungiwa na theluji katika nyumba moja, na mmoja wao ni muuaji. Hadithi hiyo ilianza kama mchezo wa redio mwaka 1947. Ilipanda jukwaani London mwezi Novemba 1952. Imeendelea kuonyeshwa miaka mingi sana, ikasimama kwa muda mrefu mwaka 2020 tu, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kila mchezo unapokwisha, watazamaji huombwa wasiwaambie wengine muuaji ni nani.

La pili ni sauti ya mwandishi. Kitabuni mwandishi aweza kusema, "Moyoni mwake aliogopa." Jukwaani mwandishi hayupo. Hofu lazima ionekane kwa mkono unaotetemeka, au isikike katika sauti.

La tatu ni kumbukumbu. Msomaji akisahau, hurudisha ukurasa nyuma. Mtazamaji hana ukurasa wa kurudisha. Kwa hiyo dalili kubwa yafaa ije mara mbili, kwa njia mbili: mara ya kwanza ionekane, mara ya pili isemwe.

La nne ni mwisho. Mwaka 1939 Bibi Christie aliandika hadithi ya watu kumi walioalikwa kisiwani, wakafa mmoja baada ya mwingine hata asibaki mtu. Kitabuni kweli ilijulikana kwa barua iliyopatikana baadaye. Lakini alipoigeuza kuwa mchezo mwaka 1943, aliona shida. Ikiwa wote wamekufa, nani atafumbua kinywa awaeleze watazamaji? Basi akaubadili mwisho, akawaacha watu wawili hai.

Tujaribu wenyewe. Mfano wetu ni wa kubuni tu, nao tunauweka Bukene, katika nyumba iliyo karibu na stesheni ya reli iendayo Mwanza. Kisanduku cha fedha za wakulima wa mpunga kimeibwa usiku, na mvua imenyesha hata asubuhi. Watu wanamnong'ona bibi kizee mjane aishiye hapo. Wanasema macho yake ni mekundu, basi ni mchawi. Mpelelezi amewaita wote. Kijana mmoja anadai kwamba ndiyo kwanza awasili kutoka Itobo, kwa miguu, katika mvua ile.

Kitabuni ingetosha kuandika: "Viatu vya kijana vilikuwa vikavu." Lakini mtazamaji aliyekaa nyuma kabisa ataonaje viatu? Basi mpeni bibi ufagio. Kila aingiaye analeta tope, na bibi anafagia. Anaingia wa kwanza, anafagia. Anaingia wa pili, anafagia. Anaingia kijana wa Itobo. Bibi anainua ufagio, anatazama chini, anauweka kando. Hakuna asemaye neno. Hiyo ndiyo dalili kuonekana. Baadaye inasemwa, hivi:

MPELELEZI: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu.

MPELELEZI: Bibi, mbona kijana huyu alipoingia hukufagia?

BIBI: Nifagie nini, mjukuu wangu? Hakuleta tope.

Angalieni vizuri. Mtu aliyedharauliwa na wote ndiye aliyeona. Lakini tusikimbilie kumfunga kijana. Tope lililokosekana limetuonyesha kwamba amesema uongo juu ya safari yake. Halijatuonyesha kwamba ndiye mwizi. Huenda alilala mahali anapoona haya kupataja. Mpelelezi lazima aulize tena: ulilala wapi, nani alikuona, kisanduku kiko wapi? Dalili moja hufungua mlango wa kuuliza. Haitoshi kutoa hukumu.

Hapo ndipo somo hili linapogusa maisha yetu. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibeba pembe, nguo na shanga. Ilibeba habari pia. Mpagazi wa Kinyamwezi alijua uzito wa mzigo wake, maana aliubeba begani. Habari hazina mizani, na kila kinywa chaweza kuongeza kidogo. Katika mikoa yetu ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, uvumi wa namna hiyo umeua. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yameitwa ushahidi. Lakini mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini, akipuliza moto katika jiko lenye moshi, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Wekundu ule ni dalili kweli. Ni dalili ya moshi, na ya watoto aliowapikia.

Kwa hiyo mchezo wa upelelezi si mchezo wa kutishana. Ni zoezi la kukaa na shaka yako mpaka ipate uthibitisho, au ife. Mtazamaji aliyecheka kwa kumdhania mtu asiye na kosa atakwenda nyumbani akijiuliza ni nani mwingine amemdhania bure.

Neno moja kabla ya kazi. Mkitaka kuigiza hadithi ya kitabu cha mtu, ombeni kwanza ruhusa kwa mwenye haki ya kitabu hicho. Mkitunga yenu wenyewe, kama hii ya ufagio, hamhitaji ruhusa ya mtu.

Kazi ya darasa:

1. Shaka na dalili zatofautianaje? Andika sentensi moja kwa kila neno.

2. Kwa nini dalili kubwa yafaa ije mara mbili jukwaani?

3. Kijana alilala wapi usiku ule? Tungeni maswali matatu ambayo mpelelezi atamwuliza.

4. Igizeni tendo la ufagio bila kusema neno. Kisha waulizeni waliokaa nyuma wameona nini. Ikiwa hawakuona, rudieni.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Someni, chunguzeni, wala msimhukumu mtu kwa uvumi. Kwa herini.