Wenye Paka Mbele ya Saratani

Nchini Uingereza, ambako paka wengi huishi ndani ya nyumba na kuhesabiwa miongoni mwa jamaa, tiba ya saratani ya mnyama huyu imekwisha kuwa huduma ya kawaida, na kinachoamua kama itatolewa si ujuzi wa daktari peke yake, bali pia picha ya tiba hiyo aliyonayo mwenye paka. Picha hiyo aghalabu haikutokana na paka yeyote. Ilitokana na mzazi, ndugu au jirani aliyeonekana akidhoofu, akitapika na kunyonyoka nywele, na ndiyo maana wengi wakisikia habari ya tibakemikali, yaani matumizi ya dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi, hukataa kabla maelezo hayajaisha.

Hofu hiyo inastahili heshima, lakini hailingani na namna paka anavyotibiwa. Binadamu mara nyingi hupewa dawa kwa kiwango kikubwa ili ugonjwa ung'olewe kabisa, hata kama atateseka kwa miezi. Kwa paka, lengo la kwanza ni siku njema, kwa hiyo kipimo hupunguzwa, na anayeonyesha kudhurika hupumzishwa au kubadilishiwa dawa. Kutapika na kukosa hamu ya chakula hutokea, lakini manyoya ya paka kwa kawaida hayanyonyoki, ingawa sharubu huweza kuanguka. Katika utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008, zaidi ya asilimia 80 ya watu ambao paka wao walitibiwa limfoma kwa dawa hizo waliridhika na uamuzi wao.

Limfoma, saratani ya aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, yaonyesha vizuri kwa nini jina la ugonjwa halitoshi kuamulia. Ile ya utumbo inayokua polepole hutibiwa kwa vidonge vya klorambusili na prednisoloni vinavyotolewa nyumbani, na paka wengi huishi nayo takriban miaka miwili au zaidi, ilhali ile kali huhitaji sindano za mara kwa mara, na wengi hawamalizi mwaka. Saratani ya seli bapa ya kinywani ni ngumu zaidi, kwani hata baada ya tiba wengi huishi miezi michache tu, na anayekataa kumsumbua paka wa namna hiyo hawezi kulaumiwa.

Upo pia mzigo usioandikwa katika hati ya malipo: paka anayejificha chini ya kitanda akiona tu kikapu cha kubebea, kidonge kinachotemwa mara ya tatu, na glavu zinazovaliwa wakati wa kusafisha mchanga wa choo kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka na mkojo na kinyesi. Gharama nazo ni za mwenyewe au za bima yake, maana huduma ya afya ya taifa haiwahusu wanyama.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba paka haulizwi. Hajui kuwa maumivu ya leo yanalenga nafuu ya kesho, na kwa tabia yake huficha maumivu, hivyo mwenyewe hulazimika kumsemea. Daktari wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo kinachomsaidia mwenye paka kufanya hivyo, kinachotazama maumivu, ulaji, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kuyapima haya kila wiki kuna manufaa kuliko kuuliza paka ataishi muda gani, kwa sababu idadi ya miezi haisemi miezi hiyo itakuwaje.

Ugumu wa uamuzi huongezwa na kuchelewa. Sehemu kubwa ya uvimbe wa matiti ya paka ni saratani, na unaoondolewa kabla ya kufikia sentimita 2 humwachia mgonjwa maisha marefu zaidi kuliko uliozidi sentimita 3. Mwenye paka jike aliyefikia utu uzima na ampapase tumbo mara kwa mara, na akigusa kivimbe, hata kikiwa kama punje ya mahindi, ampeleke kwa daktari bila kungoja.