Mvumo wa Moyo Usimfungie Mtoto Ndani

Mama muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, akiambiwa kliniki kwamba moyo wa mwanawe una mvumo, ni rahisi arudi nyumbani akidhani ameambiwa mtoto ni mgonjwa, na kuanzia siku hiyo amkataze kandanda. Lakini mvumo ni sauti tu ya damu ikipita kwa kasi, na homa au upungufu wa damu huukoleza. Karibu nusu ya watoto husikika nao wakati mmoja au mwingine, ilhali wanaozaliwa na kasoro ya moyo ni kama mmoja kati ya 100. Hata kasoro zenyewe hazilingani: matundu mengi madogo katika ukuta wa misuli kati ya vyumba vya chini hujiziba, na upenyo wa vyumba vya juu tunaozaliwa nao hubaki bila kuziba kabisa kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wengi wao wasijue maishani.

Atakayepinga atasema kuwatuliza wazazi hivi ni hatari katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambako familia nzima hulala chumba kimoja na maumivu ya koo huambukizana upesi. Ana hoja. Koo lenye bakteria ya streptokokasi lisipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ikaharibu vali za moyo. Ila hoja hiyo yathibitisha udhaifu wa kutegemea sikio la daktari: utafiti wa wanafunzi wa Msumbiji na Kambodia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kiligundua vali zilizoharibika mara kumi hivi zaidi ya stethoskopu. Sikio husikia pasipo na ugonjwa, na hukosa kusikia ulipo.

Eko ni ghali, na si kila mtoto anaihitaji. Aliyesikika na mvumo akiwa na homa asikilizwe tena homa ikiisha. Anayetoka jasho akinyonya, asiyeongeza uzito, mwenye midomo ya buluu, anayezimia akikimbia au anayevimba viungo baada ya kuumwa koo, huyo apewe rufaa Hospitali ya Kenyatta bila kukawia, awe na mvumo au asiwe nao. Koo la bakteria nalo litibiwe mapema kwa penisilini, dawa ya bei nafuu. Mwenye mvumo usio na madhara aambiwe waziwazi kwamba ni mzima, arudi uwanjani.