Ziwa Alikataalo Mtoto

Katika lugha yetu neno ziwa lina maana mbili, nasi tunaokaa kandokando ya Ziwa Viktoria twazijua zote mbili. Ziwa la kwanza hutupa samaki. Ziwa la pili ndilo lililotupa uhai kabla hatujajua samaki ni nini. Leo twapenda kusema juu ya hilo la pili, na hasa juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulidhani dogo: mtoto mchanga apendaye kunyonya upande mmoja na kuukataa mwingine.

Jambo hili tulilikuta tukiwa ziarani katika wilaya za Tarime na Serengeti. Katika kijiji kimoja cha Tarime, mkutano wa kilimo ulipokaribia kwisha, mama mmoja aliinuka, mtoto wake wa miezi miwili mgongoni, akauliza kama serikali inayo dawa ya ziwa lililoharibika. Mwanawe alikuwa akilia kila apewapo ziwa la kushoto. Mama mkwe alikwisha kuamua kwamba maziwa ya upande huo ni machungu. Jirani alisema ni jicho la hasidi. Mtoto naye alikwisha kuanzishiwa uji mwepesi wa ulezi. Baadhi ya wanaume walicheka. Sisi hatukucheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Tulimwomba aende zahanati, kisha tukaenda kuuliza kwa wenye ujuzi. Tuliyoelezwa ndiyo tunayoyaandika hapa, kwa faida ya wasomaji wetu wa Tarime na Serengeti na vilevile wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, kwani maneno ya namna hii huvuka maji kwa urahisi kuliko mtumbwi.

Kwanza, yafaa ieleweke kwamba mtoto kupenda upande mmoja ni jambo la kawaida, wala si laana. Maziwa mawili ya mama hayalingani. Moja huweza kutoa maziwa kwa kasi na lingine polepole, au chuchu ya upande mmoja ikawa imezama. Aidha, mama mwenyewe huzoea kumpakata mtoto kwa mkono mmoja bila kujua. Kila ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Lililokataliwa leo hupungua kesho, na mtoto akazidi kulikataa kwa kuwa limepungua. Hapo ndipo watu husema limeharibika, kumbe limekosa kazi tu.

Pili, mara nyingine mtoto anasema kweli. Huenda shingo yake ilikazwa au bega lake likaumizwa wakati wa kuzaliwa, akawa anaumia alazwapo upande fulani. Huenda sikio linamwuma. Huenda ziwa lenyewe limeziba au limepata uvimbe wa moto, na maziwa yake yakawa na chumvi kidogo. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kumnyonyesha husaidia uvimbe kupungua. Lakini mama mwenye homa na ziwa jekundu lenye maumivu hana budi kwenda kituo cha afya bila kuchelewa, na zaidi mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye anahitaji ushauri siku hiyo hiyo.

Pia lipo jambo la nadra ambalo si haki kulificha. Mwaka 1974 daktari wa upasuaji wa Marekani, Harry Goldsmith, aliandika juu ya akina mama ambao watoto wao waliligomea ziwa moja, na baadaye saratani ikaonekana katika ziwa hilo hilo. Hatusemi hivi ili kuwatisha wazazi, kwani wengi mno hawana ugonjwa huo. Twasema kwamba mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri akakataa upande mmoja ghafla, na mama akipapasa akakuta uvimbe usioondoka, huo si wakati wa kungoja.

Je, ziwa moja latosha? Wavuvi wa Hong Kong waitwao Tanka, watu walioishi katika mashua zao, walitoa jibu. Wanawake wao walizoea kunyonyesha ziwa la kulia tu, kwa kuwa nguo zao zilifunguliwa upande huo, na watoto wao walikua. Hata hivyo, mwaka 1977 madaktari walieleza katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wanawake hao wa umri mkubwa waliopata saratani, ugonjwa ulionekana zaidi katika ziwa lisilonyonyeshwa. Basi mama asikate tamaa kwa kuwa na moja, wala asiliache la pili upesi.

Namna ya kulirudisha haihitaji dawa wala fedha. Mama aanze na upande uliokataliwa mtoto akiwa na usingizi, wala si akiwa na njaa kali. Akamue kidogo kwanza ili maziwa yawe tayari kutoka. Ampeleke mtoto kutoka ziwa alipendalo hadi la pili bila kumgeuza, au ampakate chini ya kwapa. Maziwa yanayobaki ayakamue kwa mikono safi, ili ziwa lisivimbe wala lisikauke. Mtoto asishindishwe njaa kwa kumshurutisha.

Lakini mambo haya yataka muda, na muda ndio mama wa Tarime na Serengeti asiokuwa nao. Asubuhi yuko shambani na jembe, mchana kisimani, jioni mekoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, na humruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili katika siku ya kazi. Mkulima hana mwajiri wa kumdai saa hizo, isipokuwa mumewe. Sisi tuliosoma chuoni twakumbuka kwamba Sura ya Baqara, itajapo miaka miwili ya kunyonyesha, humkumbusha baba papo hapo wajibu wa kumlisha na kumvika mama.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi sita hupewa maziwa ya mama pekee. Ni hatua njema, lakini 36 wamebaki, na mtoto wa mkutano wetu alikuwa mmoja wao.

Tulipopita tena kijijini baada ya mavuno, tuliambiwa kwamba mhudumu wa zahanati alimtazama mama yule akinyonyesha, akaona shingo ya mtoto haigeuki vizuri. Alimfundisha kumnyoosha shingo taratibu na kumpakata kwa namna nyingine. Mtoto alikuwa akinyonya pande zote mbili, na uji ukawa umeachwa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa afya wa wilaya na wa visiwani jambo moja lisilohitaji bajeti. Mtoto apelekwapo kupimwa uzito, mizani isiwe mwisho wa kazi. Mama na aulizwe: je, mwanao ananyonya pande zote mbili? Akijibu hapana, na atazamwe akinyonyesha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.