Dadu za mkono: Faida imo kwenye kalibu

SETI ya dadu saba za plastiki iliyotoka kiwandani huuzwa Marekani kwa dola 10 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Seti ya ukubwa uleule, iliyomiminwa na fundi mmoja katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, huuzwa dola 60, na zipo zinazopita 100. Zote mbili hazifikishi gramu 50 kwenye mizani, na zote ni plastiki. Anayesikia bei hizo kwa mara ya kwanza hudhani tofauti inatokana na rangi, au na maua makavu na chembe za kung'aa zinazoonekana ndani ya dadu.

Rangi na maua vina mchango wake. Lakini ukiipigia kazi hii hesabu kama unavyoipigia ekari ya mahindi, unakuta faida au hasara ilikwisha kuamuliwa kabla tone moja la plastiki halijamiminwa. Iliamuliwa siku fundi alipotengeneza kalibu, yaani lile umbo la mpira lenye uwazi ndani, ambamo dadu hugandia. Kazi ya kalibu haina tofauti na ya kibao cha kufyatulia tofali: kibao kikipinda, tofali zote zitatoka zimepinda.

Soko lenyewe lilianzia kwenye mchezo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliochapishwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Wachezaji huketi mezani, mmoja akasimulia hadithi, na wengine wakawa watu wa ndani ya hadithi hiyo. Dadu ndiyo huamua kama upanga umepata au umekosa. Dadu ya kawaida ya nyuso 6 haitoshi. Mchezo unahitaji pia dadu za nyuso 4, 8, 12 na 20, pamoja na mbili za nyuso 10, moja kati ya hizo ikiwa ya kusomea asilimia. Jumla ni nyuso 70 katika seti moja, na namba hiyo ndiyo itakayotawala hesabu za biashara huko mbele.

Kupatikana kwa dadu hizo kuliwahi kuwa taabu. Za mwanzo zilikuwa za plastiki laini, na namba zake hazikutiwa rangi. Mnunuzi alizijaza mwenyewe kwa kalamu ya nta. Mwaka 1979 kampuni ya mchezo huo ilipungukiwa dadu, ikawa inaweka ndani ya maboksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba badala yake. Leo viwanda vinatoa dadu kwa wingi, na kwa bei hakuna fundi wa nyumbani anayeweza kushindana navyo.

Mahali anapoweza kushindana ni kwenye kingo. Dadu nyingi za kiwandani husuguliwa pamoja ndani ya pipa linalozunguka ili mabaki ya plastiki yatoke na nyuso zing'ae. Pipa hilo hulainisha pia kingo na pembe, wala halilainishi kila upande sawasawa. Lou Zocchi, mfanyabiashara wa dadu wa Marekani na mwanzilishi wa Gamescience, alitumia miaka mingi kuwaeleza wateja kwamba dadu iliyopitia pipa haiangukii nyuso zake zote kwa usawa. Si lazima ukubaliane na kila alichosema ili uone alichofanya sokoni: alimfundisha mteja kutazama ukingo. Dadu ya mkono haipiti kwenye pipa, kwa hiyo ukingo wake hubaki mkali kama wa kioo kilichokatwa. Ukali huo hutoka kwenye kalibu moja kwa moja.

Kwanza dadu mama

Kalibu hutengenezwa kwa kuzungushia mpira wa silikoni dadu iliyokamilika, ambayo hapa tuiite dadu mama, kama mkulima anavyosema mbegu mama. Wengi huichora kwenye kompyuta na kuitoa kwenye printa inayogandisha resini kwa mwanga. Inapotoka haifai bado. Ina mistari midogo ya tabaka, ambayo lazima iondolewe kwa msasa wa maji, ukianza na wa chenga na kumalizia na karatasi laini mno za kung'arishia. Msasa hulazwa juu ya kioo ili uso usibonyee, na dadu husukumwa juu yake bila kuyumba, maana mkono ukiyumba ukingo unakuwa wa mviringo.

Hapa ndipo wanaoanza huchoka na kuruka hatua. Ni kosa la gharama kubwa kuliko yote. Silikoni hainakili umbo tu, hunakili hata mng'ao. Uso wa dadu mama ukiwa kama kioo, kila dadu itatoka kama kioo. Ukiwa na mkwaruzo au alama ya kidole, kila dadu itatoka na mkwaruzo huohuo, mpaka kalibu itakapokufa.

Silikoni ya aina gani

Dukani ziko aina mbili kubwa. Moja hugandishwa kwa kichocheo chenye bati, nyingine kwa kichocheo chenye platini. Ya bati kwa kawaida ni rahisi kununua na haichagui sana. Tatizo lake ni kwamba husinyaa kidogo inapoganda na inavyokaa, na kalibu yake huzeeka hata ikiwa kabatini, ikawa ngumu na ya kukatika. Ya platini husinyaa kidogo mno na hukaa miaka. Kwa dadu, ambayo kila uso wake lazima ukutane na mwenzake bila kasoro, watengenezaji wengi huchagua platini. Nchini Marekani chombo cha kuanzia, chenye karibu kilo moja kwa jumla ya sehemu zake mbili, huuzwa dola zipatazo 40.

Silikoni ya platini ina adui wengi. Salfa huizuia kuganda, na salfa imo kwenye glavu za mpira wa asili na kwenye baadhi ya udongo wa kuchezea ambao watu huutumia kuzibia kingo za boksi. Bati huizuia pia, kwa hiyo chombo kilichochanganyia silikoni ya bati kisitumike. Adui mkubwa zaidi kwa mtengeneza dadu ni dadu mama yenyewe: resini ya printa ambayo haikuoshwa vizuri na kumalizwa kwa mwanga huifanya silikoni inayoigusa ibaki inanata kama asali. Fundi hufungua boksi kesho yake akakuta nje kumeganda na ndani, palipo na namba, ni ute. Dola zimekwenda, na dadu mama inahitaji kusafishwa upya. Mwenye busara huweka kwanza tone la silikoni kwenye kipande cha majaribio kilichochapwa siku moja na dadu mama, akalala, akaangalia asubuhi.

Kumimina na kufunika

Kalibu inayopendwa sasa ni ya vipande viwili, mwili na kifuniko. Dadu mama hubandikwa kwa uso mmoja juu ya sakafu bapa yenye gundi nyepesi, zikazungushiwa ukuta wa plastiki. Silikoni hupimwa kama chupa inavyoagiza, hukorogwa polepole huku pembeni na chini pakikwanguliwa, kisha humiminwa kwa uzi mwembamba kutoka juu, katika kona moja, ipande yenyewe kuzifunika dadu. Ikiganda, kalibu hugeuzwa. Uso mmoja wa kila dadu unaonekana. Mwili wa kalibu hupakwa kilainishi, kwa sababu silikoni hushikana na silikoni kama ndugu, halafu kifuniko humiminwa juu yake.

Faida ya kazi hii ndefu ni kwamba kila dadu inatoka ikiwa na uso mmoja tu wa kusugua, ule uliogusa kifuniko, ambapo plastiki ya ziada huacha ukingo mwembamba. Kwa kuwa msasa utapunguza uso huo, mafundi makini huchimba namba yake kwa kina zaidi kidogo kwenye dadu mama. Asiyejua hilo hushangaa kwa nini namba moja katika kila dadu imefifia.

Halafu kuna viputo vya hewa. Dawa yake ni tangi la shinikizo, ambalo mara nyingi ni lile la kupulizia rangi lililogeuzwa matumizi na kuunganishwa na kompresa. Wengi huliendesha kwenye psi 40 hivi, na shinikizo hilo hubana viputo vikawa vidogo visionekane. Jambo ambalo huchelewa kufahamika ni kwamba kalibu nayo lazima igandie ndani ya tangi. Kalibu iliyoganda nje ya tangi ina viputo vilivyojificha ndani ya mpira. Ikiingizwa tangini na plastiki ndani yake, viputo hivyo hubonyea, plastiki hufuata, na dadu hutoka na vipele. Vipele hivyo haviponi. Kalibu hiyo ni ya kutupa.

Tangi si la kuchezea. Kila moja lina kiwango chake cha mwisho kilichoandikwa na kiwanda, na vali ya usalama haiondolewi hata kama inavujisha hewa kidogo. Komeo za mfuniko zikikazwa nusu, mfuniko huruka.

Hesabu yenyewe

Tuseme kalibu ya seti moja imekula gramu 400 za silikoni, yaani dola 16 hadi 18. Tuseme pia imezaa seti 30 kabla uso wake haujafifia. Resini huunguza kalibu taratibu, kwa joto lake na kwa kemikali zake, hivyo uchakavu haukwepeki. Gawanya dola 18 kwa 30: uchakavu ni senti 60 kwa seti. Hata ikifa baada ya seti 10, ni dola 1 na senti 80. Kwa bidhaa ya dola 60, hicho si kitu cha kumnyima mtu usingizi.

Sasa rudi kwenye zile nyuso 70. Tuseme uso mmoja unachukua dakika 5 kusuguliwa hadi ung'ae. Kalibu nzuri yenye kifuniko inaacha nyuso 7, yaani dakika 35 kwa seti. Kalibu iliyotokana na dadu mama yenye mikwaruzo inakuachia zote 70, yaani dakika 350, karibu saa 6. Seti zote mbili zikiuzwa dola 60, na gharama za vifaa zikiwa dola 10, wa kwanza amebakiwa na dola 50 kwa nusu saa na ushei ya kusugua. Wa pili amebakiwa na dola hizohizo kwa siku nzima ya kazi. Ongeza muda wa kuchanganya, kutia rangi kwenye namba, kufungasha na kutuma, na wa pili yuko chini ya kibarua.

Kwa hiyo anayebana dola 18 za silikoni kwa kuitumia kalibu iliyofifia anaokoa senti na kumwaga saa. Wengi hawalioni hilo kwa sababu silikoni ina risiti na jasho lao halina. Wakulima wanaolifahamu jembe butu hawahitaji kuelezwa zaidi, ingawa nao huwa hawaandiki siku zao za palizi kwenye daftari.

Waliovutwa na bei wameongezeka tangu Etsy ilipofungua soko lake la mtandaoni mwaka 2005. Baadhi hununua kalibu zilizokwisha kutengenezwa. Si vibaya kujifunzia, lakini nyingi za bei rahisi zina nyuso zisizolingana, na dadu zake hurudi kwenye zile saa 6. Wengine huchukua dadu ya mtu mwingine wakaifanya mama. Umbo la nyuso 20 si mali ya mtu yeyote. Wanahisabati wa Kigiriki walilijua kabla ya Kristo. Mtindo wa namba na michoro ni jambo jingine. Ni kazi ya aliyeichora, na wateja wa bidhaa hii, ambao huzitazama dadu kwa karibu kuliko sonara anavyotazama pete, huutambua upesi.

Afya nayo iingizwe kwenye daftari. Resini ya epoksi ambayo haijaganda inaweza kumletea mtu mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaingia hautoki. Wapo waliolazimika kuacha kazi. Glavu za nitrili, barakoa yenye vichujio vya mvuke, dirisha wazi na msasa wa maji ili vumbi lisiruke ni gharama za uzalishaji, kama silikoni ilivyo.

Na kalibu iliyokufa? Silikoni haiyeyushwi ikarudi kuwa ya kumiminwa. Lakini hukatwa vipande vidogo vikajazwa kwenye boksi la kalibu mpya, mbali na dadu mama, kisha silikoni mpya ikamiminwa kuvizunguka, mradi ya zamani na mpya zote ni za platini. Katika boksi kubwa, ujazo huo hupunguza silikoni mpya inayohitajika.